Fumbo la Tarakimu Tisa Halitaki Kubahatisha

Mwezi Juni mwaka 2008, katika jiji la Sydney huko Australia, jaji alilazimika kuivunja kesi ya dawa za kulevya iliyokuwa imeunguruma kwa muda wa miezi mitatu. Mashahidi zaidi ya 100 walikwishasikilizwa, na gharama zilikwishapita dola milioni moja za nchi ile. Kisa chenyewe? Wale raia walioteuliwa kusikiliza ushahidi na kuamua kama kuna hatia, watu wanaofanana kidogo na wazee wa baraza tuliowazoea katika mahakama zetu, walionekana siku nenda siku rudi wakiinamia karatasi zao na kuandika kwa bidii. Waliokuwa mahakamani wakadhani wanaandika maneno ya mashahidi. Walipotazamwa vizuri ikagundulika kwamba kalamu zao zinakwenda kutoka juu kushuka chini, si kutoka kushoto kwenda kulia. Kumbe baadhi yao walikuwa wanajaza fumbo la sudoku!

Ndugu msikilizaji, habari ile ilichekesha watu dunia nzima. Lakini ukiitazama kwa makini utaona jambo la ajabu. Kazi waliyoikimbia watu wale na kazi waliyoikimbilia ni ndugu wa damu. Kote kuwili unapewa mambo machache yaliyo wazi, unafuta yasiyowezekana, mpaka linabaki moja ambalo halina njia ya kukwepa. Tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili ipo, tena ni ya hatari, nami nitaifikia. Kwanza tuliangalie fumbo lenyewe, maana wengi wetu tunaliona kila siku pembeni mwa gazeti au katika simu ya jirani ndani ya basi, na tunalipita tukidhani ni hesabu.

Si hesabu hata kidogo. Hakuna kujumlisha wala kutoa. Ungeweza kuziondoa namba zote ukaweka majina ya matunda tisa, embe, papai, fenesi na wenzake, na fumbo likabaki lilelile. Namba zimetumika kwa sababu ni fupi kuandika.

Chukua kiwanja chenye vyumba 81, tisa kwenda kulia na tisa kwenda chini. Vyumba vilivyopangana kutoka kushoto kwenda kulia nitaviita mstari. Vilivyopangana kutoka juu kwenda chini nitaviita safu, kama safu za gazeti. Halafu kiwanja chote kimegawanywa kwa kuta nene katika nyumba tisa, tatu juu, tatu katikati, tatu chini, na kila nyumba ina vyumba tisa. Wapangaji ni tarakimu 1 hadi 9. Sharti ni moja tu: katika kila mstari, kila safu na kila nyumba, kila tarakimu iwemo, na iwemo mara moja tu. Baadhi ya vyumba vimekwishajazwa na mtungaji. Vilivyobaki ni vyako.

Jina sudoku ni la Kijapani, lakini mtoto hakuzaliwa Japani. Fumbo hili lilichapishwa kwanza Marekani mwaka 1979 na kampuni ya magazeti ya mafumbo iitwayo Dell, na anayetajwa kuwa mtungaji wake ni Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa Indiana, aliyefariki mwaka 1989 bila kuuona umaarufu wake. Mwaka 1984 kampuni ya Nikoli ya Japani, chini ya Maki Kaji, ililichukua na kulipa jina refu ambalo maana yake ni kwamba tarakimu lazima ziwe kapera. Jina likafupishwa, likawa sudoku. Kisha Wayne Gould, mtu wa New Zealand aliyewahi kuwa jaji Hong Kong, aliliona fumbo hilo katika duka la vitabu Tokyo mwaka 1997, akatengeneza programu ya kompyuta ya kulitunga, na tarehe 12 Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kulichapa. Baada ya hapo halikuzuilika tena.

Sasa turudi kwenye lile sharti. Lina nusu mbili. Nusu ya kwanza inasema tarakimu isijirudie. Nusu ya pili inasema tarakimu lazima iwemo. Watu wengi hushika nusu ya kwanza na kuisahau ya pili, na hapo ndipo wanapokwama. Kila nusu ina swali lake. Swali la kwanza ni hili: chumba hiki kinaweza kumpokea nani? Unatazama mstari wake, safu yake na nyumba yake, unafuta walioko tayari, unaona nani amebaki. Swali la pili ni kinyume chake: namba hii, ambayo ni lazima iwemo katika nyumba hii, inaweza kulala wapi? Chumba kinaweza kuwa na waombaji watano, ukakikatia tamaa, kumbe mmoja wa hao watano hana pengine pa kwenda. Mafumbo mepesi hufunguka kwa maswali hayo mawili tu, yakiulizwa kwa zamu bila kuchoka.

Mafumbo magumu hayafunguki hivyo. Unafika mahali kila chumba kina waombaji wawili, watatu au wanne, na kila namba ina sehemu mbili tatu za kulala. Hapo ndipo mtu anauma penseli, anatazama dirishani, kisha anasema, “Aa, acha niweke 7 tuone.” Naomba asiiweke bado. Hebu chukua karatasi tulifungue fundo moja la namna hiyo pamoja.

Tuko mstari wa tano, katikati ya kiwanja. Chumba cha kwanza kina 9, cha nne kina 5, cha saba kina 3, na cha tisa kina 4. Vyumba vitano ni vitupu: cha pili, cha tatu, cha tano, cha sita na cha nane. Tarakimu zinazokosekana ni 1, 2, 6, 7 na 8.

Anza na chumba cha pili na cha tatu. Viko katika nyumba ya kushoto, na nyumba hiyo tayari ina 2 na 6 katika mstari wa juu yake, na 1 katika mstari wa chini yake. Kwa hiyo chumba cha pili kinaweza kupokea 7 au 8. Na cha tatu vilevile, 7 au 8. Chumba cha tano kiko katika safu yenye 1, 6 na 8, hivyo waombaji wake ni 2 na 7. Chumba cha sita safu yake ina 2, na nyumba ya katikati ina 8 tayari, hivyo kimebaki na 1, 6 na 7. Chumba cha nane ndicho chenye msongamano: safu yake ina 8, basi wamebaki 1, 2, 6 na 7.

Ukiuliza swali la kwanza, hakuna chumba chenye mwombaji mmoja. Ukiuliza la pili, hakuna namba yenye mahali pamoja. Ile 2 yaweza kukaa chumba cha tano au cha nane. Zile 1 na 6, cha sita au cha nane. 8 inagombea vyumba viwili, na 7 ndiyo imetapakaa kila mahali. Mlango umefungwa kabisa, au ndivyo inavyoonekana.

Tazama tena vyumba vile viwili vya mwanzo. Vyote viwili vina waombaji walewale wawili, 7 na 8, na hakuna mwingine. Hatujui nani ataingia chumba kipi. Lakini tunajua kwa uhakika kwamba kimoja kitachukua 7 na kingine kitachukua 8, kwa sababu vyumba ni viwili na wapangaji ni wawili. Basi 7 ya mstari huu imo katika vyumba hivyo viwili, haitoki. Kama haitoki, ifute katika chumba cha tano. Papo hapo chumba cha tano kinabaki na mwombaji mmoja: 2. Ifute 7 katika chumba cha sita, zinabaki 1 na 6. Ifute katika chumba cha nane, na ufute 2 pia kwa kuwa imekwishapata chumba, zinabaki 1 na 6.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana ndipo penye utamu wote wa fumbo hili. Vyumba vya pili na vya tatu vimefungua chumba cha tano ilhali vyenyewe bado vimefungwa. Kutojua kwetu nani yuko wapi hakukutuzuia kujua jambo jingine kwa uhakika kamili. Mtu anayebahatisha anadhani ujuzi ni wa namna mbili tu, kujua au kutojua. Kumbe kuna kujua nusu, na nusu hiyo ukiishika vizuri inafanya kazi kama nzima.

Tuendelee, bado tuna chumba cha sita na cha nane, vyote vikigombewa na 1 na 6. Katika mstari wetu hakuna msaada zaidi. Lazima tutoke nje. Shuka mpaka nyumba ya chini kulia, ambayo bado haina 1, na uulize lile swali la pili: humo ndani 1 inaweza kulala wapi? Mstari wa saba hauwezekani, kwa sababu ile 1 tuliyoiona katika safu ya chumba cha tano imekaa mstari huohuo wa saba. Safu ya saba haiwezekani pia, kwa sababu juu kabisa, mstari wa pili, ina 1 yake. Safu ya tisa vyumba vyake viwili vya chini vimejaa, kimoja kina 2 na kingine 6. Nini kimebaki? Vyumba viwili tu, mstari wa nane na mstari wa tisa, vyote katika safu ya nane.

Mara nyingine tena hatujui ni kipi. Na mara nyingine tena haidhuru. Iwe cha juu au cha chini, 1 ya nyumba ile itakuwa katika safu ya nane. Basi chumba chetu cha nane cha mstari wa tano, ambacho nacho kiko katika safu hiyohiyo, hakiwezi kupata 1. Kinapata 6. Na chumba cha sita kinapata 1. Vyumba vitatu vimejazwa, na hatukubahatisha hata mara moja.

Sasa mfikirie jirani yetu aliyebahatisha. Alipofika kwenye 1 na 6 akasema ni nusu kwa nusu, akaiweka 1 katika chumba cha nane. Hakuna kengele iliyolia. Mstari wake unaonekana safi, hakuna namba iliyojirudia. Anaendelea kujaza namba kumi, ishirini, huku akijisifu kwa mwendo wake, mpaka anafika nyumba ya chini kulia na kukuta 1 haina pa kulala. Kosa lilizaliwa mstari wa tano, kilio kinasikika mstari wa nane. Ubaya ni kwamba hajui afute ipi. Kati ya namba ishirini alizojaza, nyingine ni za kweli, nyingine ni watoto wa uwongo mmoja, na zote zimeandikwa kwa mwandiko uleule.

Atatokea wa kusema, je, si halali kujaribu? Ni halali, ila kwa masharti. Ukisema, “Tuseme chumba hiki ni 1,” ukafuata matokeo yake hatua kwa hatua mpaka ukagonga ukuta, umethibitisha kwamba si 1. Huo ni ushahidi kamili. Lakini ukifuata ukachoka njiani kabla ya kugonga ukuta, hujathibitisha chochote, hata kama mambo yanaonekana kwenda vizuri. Watu huchanganya mambo haya mawili. Kukosa kupingwa kwa hatua tano wanakuita ushindi. Ukitaka kujaribu, basi jaribu katika karatasi ya pembeni, au kwa alama ndogo za penseli, usichanganye ulichokithibitisha na ulichokikisia.

Kuna mbinu nyingine niitaje haraka, kwa wale waliokomaa. Tuseme unaitafuta 4. Katika mstari wa pili inaweza kulala safu ya tatu au ya saba tu. Katika mstari wa nane hali kadhalika, safu ya tatu au ya saba tu. Ikiwa mstari wa pili utachukua safu ya tatu, mstari wa nane utalazimika kuchukua ya saba, na kinyume chake. Kwa vyovyote vile, safu hizo mbili zitapata 4 zao kutoka mistari hiyo miwili. Basi futa 4 katika vyumba vingine vyote vya safu ya tatu na ya saba. Utaona ni akili ileile ya 7 na 8, imevaa koti jingine.

Haya yote yanawezekana kwa sababu mtungaji mwaminifu ametuahidi kwamba jawabu ni moja tu. Njia za kukijaza kiwanja kitupu ni nyingi kupita kiasi: mwaka 2005 Bertram Felgenhauer na Frazer Jarvis waliipata idadi yake, nayo ni namba yenye tarakimu 22. Zile namba chache za mwanzo ndizo zinazozifuta njia hizo zote isipokuwa moja. Na zinatakiwa ngapi kwa uchache? Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa University College Dublin, Ayalandi, walitangaza kwamba ni 17. Mafumbo ya namba 17 yenye jawabu moja yapo kwa maelfu, lakini la namba 16 halipo, na kompyuta zao zilifanya kazi kubwa kulithibitisha hilo. Wala usidhani fumbo lenye namba chache ndilo gumu zaidi. Yako ya namba 17 yanayofunguka kama ganda la ndizi, na yako ya namba 25 yanayomkosesha mtu chakula cha mchana.

Sasa nimefika pale nilipoahidi, kwenye tofauti kati ya karatasi ya sudoku na kesi ya Sydney.

Katika sudoku tunafuta kwa ujasiri kwa sababu orodha imefungwa. Wapangaji ni tisa, wala si kumi, na kila mmoja ni lazima awemo. Ukiwafuta wanane, wa tisa hana ujanja. Katika maisha orodha mara nyingi iko wazi, na sisi tunaifunga kwa nguvu bila kujua. Chukua ofisi yoyote yenye kasha la fedha. Fedha zimepotea. Wenye funguo ni watatu: mmoja alikuwa safarini, wa pili alikuwa hospitali, basi ni wa tatu! Akili imekwenda sawasawa kabisa, kama katika mstari wetu wa tano. Lakini nani alisema funguo ni tatu? Yuko fundi aliyetengeneza kitasa mwaka juzi. Yuko aliyeachishwa kazi na ufunguo haukurudishwa. Yuko aliyeazimwa kwa dakika kumi. Huyu wa tatu atafukuzwa kazi, au atalala mahabusu, kwa hoja isiyo na kasoro iliyojengwa juu ya hesabu ya funguo ambayo hakuna aliyeihakikisha. Mitaani kwetu ni mbaya zaidi, maana huko hukumu haingoji hata kasha lihesabiwe upya. Kijana mgeni kaonekana uchochoroni, simu imepotea, wengine wote tunawajua, basi ni yeye. Na mawe yanaokotwa.

Kwa hiyo kabla ya kumfuta mtu wa kwanza, swali lingepaswa kuwa: orodha hii imefungwa na nani? Katika sudoku amefunga mtungaji. Katika kesi ile ya Sydney hakuna aliyewafungia wale waliokaa kusikiliza. Walitakiwa waisikie kutoka kwa mashahidi wale mia na zaidi, neno kwa neno, na ndiyo maana jaji hakuweza kusema haidhuru. Mmoja wao alieleza kwamba fumbo lilimsaidia kuuweka ubongo macho. Labda ni kweli. Ila ubongo ulikuwa macho katika orodha nyingine.

Tumalizie kazi tuliyoianza. Wako wasikilizaji ambao mpaka sasa wanajiuliza juu ya vile vyumba viwili tulivyoviacha vimefungwa, cha pili na cha tatu, pamoja na 7 na 8 zao. Usivilazimishe. Andika 7 na 8 kwa herufi ndogo pembeni mwa kila chumba, uendelee na sehemu nyingine za kiwanja. Katika mfano wangu habari inatoka mbali, nyumba ya chini kushoto: 8 inapata chumba mstari wa saba, katika safu ya pili. Hapo chumba cha pili cha mstari wa tano hakiwezi tena kuwa na 8. Andika 7, na karibu yake 8.